Goti la Pimamaji

Kwa miaka thelathini na mmoja mtu yule alijipatia riziki akiwa amepiga magoti. Alikuwa fundi wa vigae, na mafundi wenzake walimwita Pimamaji, kwa sababu sakafu aliyoilaza yeye ungeweza kuweka gololi katikati, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta palepale. Mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, viganja vigumu kama magome, na utani haukumwisha mdomoni, hasa mbele ya watu wanaolalamika. Fundi akimwambia mgongo unamuuma, alimjibu, "Wenye migongo wanaajiriwa ofisini. Huku tunataka mikono." Watu wakicheka, naye anaendelea kugonga vigae vyake kwa nyundo ya mpira.

Utani huo ndio uliomfunga mdomo siku goti lake la kulia lilipoanza kumsumbua.

Lilianza kidogo kidogo. Asubuhi lilikaza kama bawaba ya mlango ulioachwa mvuani, akitembea hatua kumi likalegea. Baadaye akawa akipiga goti anahisi kama kuna kokoto ndani. Kisha likaanza kuvimba jioni, likawa na joto, hata usingizini akigeuka linamkumbusha kwamba lipo. Akajifunza kufanya kazi kwa goti la kushoto tu, mguu wa kulia ameunyoosha pembeni. Mwenzake wa kazi, mtu wa rika lake waliyemwita Swali kwa sababu hakuna jambo lililompita bila kuliuliza, alimtazama siku mbili tatu, kisha akauliza.

"Mbona siku hizi unakaa kama unataka kuruka?"

"Ni mtindo mpya," Pimamaji akasema. "Lete gundi."

Hilo lingebaki la kazini kama si ngazi. Pimamaji alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyeolewa na kinyozi. Wakati wa posa baba mtu aliropoka mbele ya watu kwamba hajawahi kuona mwanamume anayefanya kazi kutwa nzima akijitazama kwenye kioo. Ulikuwa mzaha tu, lakini uliwafikia vijana wale, na ukawakaa moyoni. Mzee akaomba radhi, mambo yakapoa, ndoa ikafungwa. Sasa binti amejifungua mtoto wa kike, naye na mumewe wanakaa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Babu alimwona mjukuu mara moja, siku ya pili ya maisha yake, katika wodi iliyokuwa chini. Tangu hapo ilikuwa imepita miezi mitano, na hakuwa amekanyaga kwao.

Si kwamba hakujaribu. Siku moja alikwenda peke yake akiwa na mfuko wa matunda. Alipanda ngazi kumi na saba, zile za kufika ghorofa ya kwanza, na pale goti likamkatalia katakata. Alikaa chini kama mtu anayesubiri mwenyeji wake, akapumua, kisha akashuka kinyumenyume ameng'ang'ania chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Matunda akayala mwenyewe njiani. Mkewe alipouliza habari za huko, alimwambia mteja alimpigia simu ya haraka.

Kila Jumapili mke alikwenda peke yake, na kila Jumapili mume alikuwa na udhuru.

Huyo mke alikuwa mshonaji, ana cherehani yake sebuleni karibu na dirisha, na nguo zote za kazi za mumewe alizishona na kuzitia viraka yeye. Alasiri moja alizitandika suruali tatu mezani, akazitazama kwa muda, kisha akamwita.

"Baba watoto, hebu njoo uone kitu."

Pimamaji akaja, akijitahidi asichechemee.

"Suruali tatu," mkewe akasema. "Zote zimekwisha goti la kushoto. Hili nimelitia kiraka mara mbili. La kulia bado jipya, hata rangi haijapauka. Una mguu mmoja siku hizi?"

Mkewe hakungoja jibu. Alimkalisha kitini, akampandishia mguu wa suruali, akabonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani wa goti. Mzee aliruka nusura aangushe cherehani.

"Tangu lini?"

"Juzi juzi tu."

"Suruali hii nilikushonea mwezi wa pili. Sasa ni wa tisa." Akamshushia mguu wa suruali taratibu, akaketi mkabala naye. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza mume zaidi. "Binti yako analia kila nikienda, anasema baba yake amemkataa kwa sababu ya kazi ya mumewe. Mimi nakutetea, na kumbe hata sijui ninachokitetea."

"Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Likipona."

Mke alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba kesho yake waende hospitali. Huko wakampiga picha. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akawaonyesha pale ambapo mifupa miwili ilikuwa imekaribiana kuliko inavyopaswa. Gegedu, lile tabaka laini linalokaa katikati ya mifupa kama mto, lilikuwa limelika upande wa ndani. Pimamaji akauliza swali moja tu, na aliliuliza akiangalia ukutani: je, watampasua?

"Kupasua kupo," daktari akasema, "lakini wewe hujafika huko, na huenda usifike. Kuna mengi ya kujaribu kabla ya kisu." Akawaandikia jina la mtaalamu wa viungo, mwanamke anayetibu kwa mikono na mazoezi.

Zahanati yake ilikuwa chumba kimoja kirefu kando ya duka la vifaa vya shule. Kulikuwa na kitanda chembamba chenye godoro gumu, mikanda ya mpira ya rangi mbalimbali imening'inia kwenye misumari, na kisanduku cha mbao cha kukanyagia, urefu wa ngazi moja. Mtaalamu alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mikono ya gauni ameikunja mpaka viwiko. Hakumkaribisha kiti. Alimwambia atembee mpaka mwisho wa chumba na kurudi.

Pimamaji akatembea. Katikati ya njia akasimama, akagonga chini kwa kisigino mara mbili.

"Daktari, kigae hiki kinalia. Chini yake hakuna gundi ya kutosha."

"Umejuaje?"

"Kwa sauti. Kilichoshiba hakilii hivi."

Mama yule akacheka. "Basi tutaelewana. Na mimi nasikiliza hivyo hivyo."

Akamlaza kitandani, akaanza kumpima, lakini goti akaliacha mwisho. Alizungusha nyonga, akabonyeza kiuno, akakunja kifundo cha mguu wa kulia. Hapo akasimama.

"Hiki kiliwahi kuumia?"

"Nilianguka kwenye jukwaa la ujenzi. Miaka kumi na mitano sasa. Nilikifunga kitambaa, nikaendelea na kazi."

"Naam. Hakikupona vizuri, hakikunjiki. Juu nako nyonga imekuwa vivu, misuli yake imelala. Wa juu hafanyi kazi, wa chini hafanyi kazi, mzigo wote unamwangukia wa katikati."

"Kama kwetu tulivyozaliwa," Pimamaji akasema. "Mimi ndiye wa katikati." Mkewe, aliyekuwa ameketi pembeni, akaguna.

Mtaalamu alifanya kazi karibu saa nzima. Alikisukuma kifundo taratibu, akaukanda upaja, akakisogeza kile kifupa cha mbele ya goti huku na huku kama mtu anayepanga kigae kabla gundi haijashika. Kisha akamgeuza ubavu, akamwambia ashushe pumzi, akambana kiuno mara moja. Palitoka mlio kama kijiti kinachokatika.

"Umenivunja," mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Ni hewa tu ndani ya kiungo. Hakuna kilichovunjika, na kusema kweli hakuna kilichorudishwa mahali pake vilevile. Nimekilegeza." Akamsaidia kuketi. "Sasa nisikilize vizuri, baba. Gegedu lililolika mimi silirudishi, na atakayekwambia anarudisha kwa mikono anakudanganya. Ninachoweza ni kulipunguzia goti mzigo ili maumivu yapungue. Robo ya kazi ni yangu, robo tatu ni yako."

Akamfundisha mazoezi matatu: kunyoosha mguu akiwa kitini na kuushikilia, kuinuka kitini bila kujishika, na kupanda na kushuka kile kisanduku. Akamwambia apunguze uzito kidogo. La mwisho, kwa wiki sita asipige goti kabisa. Pimamaji alitikisa kichwa kama mtoto anayeahidi kwamba hatachezea maji tena.

Baada ya ziara ya tatu aliamka asubuhi moja, akashuka kitandani, akafika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba ana goti bovu. Alifurahi kupita kiasi. Na kwa bahati mbaya siku hiyohiyo ilikuja kazi ya ukumbi mkubwa wa mikutano, vigae vyeupe vya mraba, vile vinavyomwumbua fundi asiyejua, maana kosa dogo likianzia pembeni huonekana ukuta wa pili. Kazi kama hiyo hakuwa tayari kumwachia mtu. Akajiambia atapiga goti kidogo tu, kwenye mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza ukazaa wa pili.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, goti liligoma. Alikuwa katikati ya ukumbi, amepiga magoti yote mawili, akajaribu kuinuka, na mguu haukumwitikia. Ilikuwa kama umeshonewa sakafuni. Swali alikuwa nje anachanganya gundi. Pimamaji akachukua kile kifaa chake cha kupimia usawa, akakiweka juu ya kigae, akakitazama. Aliporudi Swali na ndoo akamkuta anapima. Akaenda, akarudi, bado anapima.

"Kigae hicho kina nini?" Swali akauliza.

"Hakijanipendeza."

Ilipokaribia saa sita, binti yake akaingia ukumbini. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge, macho yamemtoka anashangaa mwangwi wa mahali pale. Binti alitembea ukingoni mwa ukuta asikanyage kazi mbichi, kama alivyofundishwa tangu utotoni, akasimama mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akangoja. Baba hakuinuka.

"Hata kuinuka, baba?"

"Nina gundi mikononi."

Binti akakaza kitenge cha mtoto. Ilionekana maneno aliyokuja nayo alikuwa ameyapanga njia nzima. "Nimekuja kukuuliza jambo moja, kisha niende zangu. Mume wangu amekukosea nini? Miezi mitano mjukuu wako hajui sura yako. Mama akija anatoa visingizio mpaka namwonea huruma. Kama ni ile kazi ya kioo, basi hizo nywele zako mwenyewe nani anakunyoa? Unajinyoa kwa mwiko?"

Swali alikuwa mlangoni na ndoo yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote waliyojuana, hakuuliza kitu.

Pimamaji aliangalia chini. Uongo ulikuwa tayari ulimini, kazi nyingi, ukumbi huu, mwenye jengo mkorofi. Akainua uso akamwona mtoto anamchungulia begani kwa mama yake, na uongo ukamkauka.

"Siwezi kuinuka," akasema.

"Unasemaje?"

"Nasema siwezi kuinuka, mwanangu. Tangu saa nne niko hapa. Najifanya napima."

Binti alidhani ni utani mwingine. Kisha akaona jasho, na ile rangi ya uso wa baba yake, na goti lililojaa ndani ya suruali kama limefichiwa kitu. Akafungua kitenge, akamkabidhi Swali mtoto bila kuuliza kama anajua kushika, akaja nyuma ya baba yake, akapitisha mikono chini ya makwapa yake.

"Egemea kwangu."

"Nitakuangusha."

"Egemea, baba."

Walihangaika. Mara ya kwanza walishindwa. Mara ya pili alipiga yowe la chini kwa chini, lakini akasimama, akamgeukia binti yake na kumshika mabegani, vumbi likampaka binti kifua kizima. Mzee alikuwa anatokwa na machozi, akasema ni vumbi la saruji.

"Ngazi zenu ni sitini na nane," akasema. "Nilimuuliza mama yako. Mimi nilifika ya kumi na saba."

"Ulikuja?"

"Nilikuja. Na matunda."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Mtu mzima, nimewacheka watu miaka yote kwa migongo yao. Na mumeo nilimcheka. Nije kwake nikiwa nimebebwa?"

Binti akajifuta uso kwa kiganja, akabaki na mstari wa gundi shavuni. "Nimekasirika, baba. Nataka ujue kwamba bado nimekasirika."

"Najua."

"Haya, twende ukalale."

Kinyozi alikuja jioni ile alipofunga duka. Alimkuta baba mkwe kwenye kochi, mguu umeinuliwa juu ya mto. Alisema yuko tayari kumbeba mgongoni Jumapili, ngazi zote, si shida. Mzee akamshukuru, akakataa. Atapanda kwa miguu yake au hatapanda. Kisha kijana akasema, bila kujigamba, kwamba yeye husimama saa kumi kwa siku, na kwamba mwaka wa kwanza wa kazi miguu ilimvimba hata viatu havikuingia. Kinyozi mzee aliyemfundisha ndiye aliyemwonyesha kuweka kigoda kidogo chini ya kiti cha mteja, apumzishe mguu mmoja mmoja kwa zamu.

"Kumbe na nyie mnaumia," Pimamaji akasema.

"Tunaumia mbele ya kioo, baba. Tunajiona."

Mzee alicheka mpaka goti likamuuma.

Wiki iliyofuata kijana yule alileta kitu alichokiunda mwenyewe nyuma ya duka lake: kibao kinene kilichotiwa sponji, kimefungwa magurudumu manne yaliyotolewa kwenye kiti chakavu cha kunyolea. Kilikuwa kifupi sana, kiasi kwamba mtu akikikalia anafikia sakafu kwa kuinama kidogo. Pimamaji alikizunguka mara mbili akikitafutia kasoro, akakikalia, akajisukuma kwa mguu wa kushoto kutoka mlangoni mpaka kwenye cherehani. Mkewe akamwambia asimkanyagie vitambaa.

Kwa mtaalamu alirudi kichwa kimeinama. Alitarajia kukaripiwa. Mama yule alishika goti, akalisikiliza kwa vidole.

"Umepiga goti siku mbili?"

"Mbili na nusu."

"Hiyo nusu ndiyo iliyokuponza." Akavuta kiti. "Tunaanza tena. Safari hii niambie, unataka goti la kufanyia nini?"

Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akamweleza habari za ngazi. Mtaalamu akakisogeza kile kisanduku cha mbao karibu na ukuta, na tangu siku hiyo mazoezi yakawa na lengo. Alimfundisha kwamba akipanda, mguu mzima ndio utangulie, na akishuka, mbovu ndio utangulie. Alimfundisha kushika chuma cha ngazi bila kujivuta. Ukumbi ule ulimalizwa na Swali, Pimamaji akiwa kwenye kibao chake anamwelekeza, na Swali aliuliza maswali kiasi cha kumtosha mtu mwaka mzima. Kazi ilitoka sawa. Kukubali hivyo kulimchukua Pimamaji siku kadhaa.

Nyumbani alifanya mazoezi kando ya cherehani, mkewe akimhesabia bila kuinua macho kwenye mshono. Kuna wiki zilizokwenda vizuri. Kuna wiki moja ya baridi iliyomrudisha nyuma, akasema basi, anaacha, na mkewe akaendelea tu kuhesabu, "nane, tisa," mpaka mzee akaona aibu, akainuka kumalizia ya kumi.

Wiki ya kumi na moja tangu aanze upya, Jumapili asubuhi, wakaenda wote wawili. Binti yake alikuwa ameweka kigoda kwenye kila ghorofa. Cha kwanza alikipita kwa makusudi, akajuta baadaye. Cha pili akakikalia, na jirani aliyekuwa anashuka na mwavuli akamwamkia kama mwenye nyumba. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne alisimama muda mrefu, mkono umekamata chuma, na mkewe nyuma yake hakumgusa. Goti lilimuuma, lakini yalikuwa maumivu ya kuchoka, si yale ya kukatwa, na tofauti hiyo sasa aliijua. Akatanguliza mguu mzima.

Mlango ulikuwa wazi. Kinyozi alikuwa amesimama pembeni, amejizuia asishuke kumpokea. Binti akamkalisha baba yake kitini, akamleta mtoto, akamweka mapajani mwa babu yake, na mtoto akamtazama, akakunja uso, akaangua kilio kikubwa.

"Hanijui," Pimamaji akasema, akimrudisha kwa mama yake. "Ana haki."

Jumapili ya pili ikawa vilevile, ila kilio kilikuwa kifupi. Ya tatu mtoto hakulia. Alikaa, akachunguza ile mikono mikubwa yenye alama za gundi, akachagua kidole kimoja, akakitia mdomoni kwenye ule ufizi uliokuwa ukitoa jino la kwanza. Walimwita mezani mara mbili. Babu akasema wale tu wasimsubiri, akakaa vile mpaka chakula chake kikapoa.